Chouchou na christophine ni kitu kimoja?

Ndiyo, chouchou ya Réunion na Morisi ndiyo christophine ya Martinique na Guadeloupe: zote ni mboga iitwayo chayote (kisayansi Sechium edule), jamii moja na maboga. Haiti na New Orleans wanaiita mirliton (New Orleans huijaza kamba wa baharini wakaioka, tamu sana), Jamaika cho-cho, Australia choko. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Jina chayote limetoka kwenye Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko: chayohtli. Ukiwa na shaka ipasue: ndani ina mbegu moja tu, bapa. Usiangalie ganda, kuna zenye miiba na zisizo nayo. Brazili nako, chuchu ndiyo hii. Ila usiichanganye na maxixe ya huko: hiyo ni mmea mwingine, jamaa wa tango.