Kabla ya katiba, tafuteni mtu wa kuzungumza

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Dada, tuko wasimamizi kadhaa wa mifumo ya kompyuta na tunataka kuanzisha chama. Katiba tayari, nembo tayari, kamati nne zimeshaundwa. Sasa wanachama tunawapataje?" Nilimjibu kwa mistari michache, lakini ujumbe wa aina hii hunifikia mara kwa mara, kwa hiyo leo nayaandika yote.

Kwanza hongera, mdogo wangu. Sisi watu wa seva, zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, mambo yakienda vizuri hakuna anayetukumbuka, yakiharibika kila simu inaita kwetu. Ted Kekatos, msimamizi wa mifumo wa Chicago, aliliona hilo mwaka 2000 akaanzisha siku ya kutushukuru, ambayo huadhimishwa Ijumaa ya mwisho ya Julai. Ni jambo jema, ila mwaka una siku nyingine zote. Yule aliye peke yake katika ofisi ambayo hakuna mwingine anayeelewa anafanya nini anahitaji wenzake wa kuwauliza. Chama kipo kwa ajili ya huyo, na lolote lisilomsaidia linaweza kungoja.

Hata waliotutangulia hawakuanzia kwenye katiba. Wamarekani walikutana Philadelphia mwaka 1987 kwenye warsha iliyozaa LISA, mikutano ya wasimamizi wa mifumo, wakazungumzia taabu za kusimamia kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Chama chenyewe, SAGE, kiliundwa ndani ya USENIX, jumuiya ya wataalamu wa kompyuta, mwaka 1992. Waaustralia wakaanzisha cha kwao, SAGE-AU, mwaka uliofuata. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi watu walikuwa wakikutana na kufundishana kabla hawajawa na chama cha kuandikisha jina.

Chama changu kilianza kama unavyotaka kuanza wewe. Nilipojiunga nilikuta katiba nene na mkutano mkuu uliokwisha kwa ubishi juu ya kifungu cha akidi. Baadaye nikachaguliwa katibu. Sijakaa sawasawa kwenye nafasi hiyo, tovuti ikazimika na barua pepe zote za chama zikaanza kurudi kwa waliozituma. Nikachimba. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti na barua pepe za chama, lilisajiliwa na mmoja wa waasisi kwa anwani ya barua pepe ya kazini kwake, naye alikuwa ameshahama kazi, na mwajiri wake wa zamani ameifunga anwani ile. Notisi za kulipia zilikuwa zikienda mahali ambapo hakuna mtu wa kuzisoma. Orodha ya wanachama ilikuwa kwenye lahajedwali (faili ya jedwali kama ya Excel) ndani ya kompyuta yake binafsi. Na hawa ni watu ambao kazini wasingekubali hata kidogo nywila ya akaunti kuu iwe kichwani mwa mtu mmoja!

Majina yanayoishia na .org, kama letu, yakishafutwa kwa kutolipiwa, hupewa siku 30 za kukombolewa kwa malipo makubwa kuliko ya kawaida. Tuliwahi humo humo, tukachangishana, jina likarudi. Siku hiyo hiyo nikapendekeza kila akaunti ya chama isajiliwe kwa anwani ya chama, na funguo zake ziwe kwa watu wawili wasiofanya kazi ofisi moja. Nikaambiwa mbele ya kamati nzima kwamba nimekuja juzi na tayari nataka kukiteka chama. Maneno yale yananiuma hadi leo, sifichi. Pendekezo lilipita, lakini baadhi ya waliolipinga hawakurudi tena kwenye vikao.

Habari za usajili wa serikali na akaunti ya benki naziruka. Kila nchi ina taratibu zake na mwanasheria atakueleza vizuri kuliko mimi.

Wanachama walianza kuja pale tulipoacha kujadili chama na kuanza kujadili kazi. Nakumbuka kijana mmoja mpole, hata sauti yake haikufika nyuma ya chumba. Alitueleza jinsi chelezo zake, yaani nakala za akiba za data, zilivyokuwa zikileta ripoti ya mafanikio kila usiku, mpaka siku seva ilipokufa akakuta hakuna kitu. Diski ya data ilikuwa haijapachikwa, yaani haijaunganishwa na mfumo, tangu seva ilipowashwa upya, na programu ilikuwa ikinakili saraka (folda) tupu kwa uaminifu mkubwa. Akatuonyesha ukutani kumbukumbu zenyewe zilizoandikwa na programu, mstari kwa mstari, zote zikisema imefaulu. Akamaliza kwa kutuonyesha alichokibadilisha: sasa mfumo hukagua ukubwa wa chelezo, na kila mwezi hurejesha faili chache mahali pengine ili kuhakikisha zinafunguka. Hakuna aliyesogea. Kesho yake watu wakawa wanatumiana ujumbe wakisimulia walichokikuta kwenye chelezo zao wenyewe. Kikao kilichofuata viti havikutosha, na sehemu kubwa ya wageni waliletwa na wale waliomsikia yule kijana. Mabango yetu yote hayajawahi kufanya kazi kama ile.

Kwa hiyo mpe nafasi aliyepata tabu. Akija na suluhisho ni vizuri zaidi, akija na tabu tupu pia mkaribishe, chumba kitamsaidia. Kampuni zikitaka kuzungumza zimlete fundi anayeutengeneza mfumo, wa mauzo abaki ofisini. Tumewakatalia wafadhili kwa kanuni hii na sijajuta.

Halafu suala la kujitolea. Wanachama wako wana zamu za usiku. Mtu amekubali kwa moyo mmoja kuandaa kikao, saa chache kabla hifadhidata ya mwajiri wake inaanguka. Usimlaumu. Ipangie kazi ile watu wawili tangu mwanzo. Tena iwe ndogo na iwe na mwisho: "panga vikao vitatu, kisha pumzika" inakubalika kirahisi kuliko "kuwa mkuu wa kamati ya matukio". Anayejitolea bila tarehe ya kumaliza hatakuaga. Ataacha tu kujibu ujumbe.

Msifunge mlango kwa vigezo pia. Kwetu uliibuka ubishi kama anayeshughulika na wingu tu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, asiyegusa seva kwa mikono, ni mwenzetu. Ni mwenzetu! Mikutano ya LISA yenyewe ilifikia tamati mwaka 2021, na wakati huo SREcon, mkutano wa wahandisi wanaohakikisha mifumo haianguki, ilikuwa imeshakua kwa miaka kadhaa. Majina ya vyeo yanabadilika, anayeamshwa usiku mfumo ukianguka ni yule yule.

Mwaka huu nimekabidhi uenyekiti, nilioushika baada ya ukatibu, na nasema kwa fahari kwamba makabidhiano yalikwisha katika kikao kimoja. Kamati mpya ilikaa na mwongozo mezani: kikoa kinalipiwa lini, nani ana funguo, fedha zinatolewa kwa sahihi za nani, orodha ya wanachama inachelezwa wapi. Mweka hazina mpya alijaribu kuingia kila akaunti mbele yetu, moja baada ya nyingine, na zote zikafunguka. Mimi nikabadilishiwa ruhusa, nikawa mwanachama wa kawaida kabla chai haijapoa.

Basi hizo kamati nne, mdogo wangu, ziwekeni kando kwa sasa. Katiba ikae kabatini, mtaihitaji mtakapoanza kushika fedha. Mtafuteni mmoja wenu ambaye mfumo umemtesa hivi karibuni, apewe nusu saa na ukuta wa kuonyeshea, maswali yachukue muda wote uliobaki. Na watu wakiwa bado wamekaa, tangazeni tarehe ya kikao kijacho pamoja na jina la atakayezungumza.