Resini ya zamani kwenye boriti ya bawa

SWALI: Nina kopo la kilo 5 la resini ya epoksi (gundi inayoganda ikichanganywa na kigumishi chake), nililifungua 2019, limekaa stoo hapa Lubumbashi. Ndani mmetokea chembe nyeupe kama sukari, na kigumishi kimekuwa chekundu. Fundi wa karoseri (bodi za magari) ananiambia nizidishe kigumishi kidogo, itashika tu. Inafaa kwa boriti ya bawa la ndege ninayojijengea?

JIBU: Chembe zisikutishe, ndugu. Ni baridi ya usiku wa Juni na Julai. Legeza kifuniko, weka kopo kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60, koroga mpaka resini iwe angavu hadi chini kabisa. Chembe moja ikisalia, itaziita nyingine. Iache ipoe kabla ya kuchanganya. Wekundu peke yake pia si ubovu. Kagua mdomo wa kopo la kigumishi: ukiona ukoko mweupe, kimekwisha kunywa unyevu na kabonidioksidi ya hewa, na sehemu hiyo haitashikana tena na resini.

Ila huo ushauri wa kuzidisha! Umetoka kwenye poliesta, resini nyingine ya mafundi wa magari, ambako kichochezi ni asilimia 1 au 2 na fundi anaweza kukicheza kidogo. Katika epoksi kigumishi si kichochezi, ni sehemu ya plastiki yenyewe. Lebo ikisema gramu 27 kwa 100 za resini, ni 27 kwenye mizani, si 30. Kilichozidi hakipati wa kushikana naye. Kinabaki ndani kama unga mbichi katikati ya bukari (ugali). Asubuhi ukigonga kwa kucha, inalia kama kioo. Saa nane mchana, bawa likiwa juani, inalainika na boriti inajipinda polepole chini ya mzigo.

Kwa hiyo "imeshika" si kipimo. Chukua gramu 50 za resini ya zamani na 50 za mpya, kila moja katika chombo chake, uichanganye na kigumishi chake kwa uwiano wake, ngoja siku 7, tumbukiza vipande vyote katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika kumi, kisha vipinde. Ya zamani ikilegea zaidi, itupe. Isipolegea, itengenezee kalibu na meza za karakana. Boriti inataka resini ambayo tarehe yake haijapita, na namba ya fungu la kiwandani iliyo kwenye lebo iandikwe kwenye daftari la ujenzi.

Na ninyi mnaouziwa resini iliyogawiwa kwenye chupa za maji: hakuna lebo, hakuna uwiano, hakuna tarehe. Msiinunue hata kwa mlango wa ndege.