Kilwa: uliza maji kwanza, tiketi baadaye

Mkuu simama hapohapo. Umeandika eti unapanda basi la usiku toka Dar, ushuke Kilwa Masoko, upige visiwa vya magofu, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, siku hiyohiyo halafu ugeuze, magofu ya Kaole kule Bagamoyo kesho yake. Hiyo ndo hesabu niliyopigiwa mimi na dalali mmoja wa safari, mtu ambaye naapa hajawahi kulowesha hata unyayo kule!

Alinambia magofu yote yako pamoja, masaa mawili yanatosha, anza na Songo Mnara. Tumeng'oa nanga saa tano, maji yameshaanza kutoka. Kule unashuka ndani ya maji, unakata tope la mikoko viatu mkononi, tukazunguka nyumba na misikiti mbiombio, kurudi mashua imelala ubavu juu ya mchanga. Nahodha simlaumu, alisema tangu asubuhi tukamwona mvivu. Tumekaa hapo mpaka maji yakarudi, jua linazama, Gereza, ile ngome ya Kisiwani, nikalipita gizani, kivuli tu. Laki nne na likizo yangu yote, kwisha.

Kilichoniuma hasa ni Husuni Kubwa, gofu la kasri hapohapo Kisiwani. Pamoja wapi? Liko peke yake juu ya mwamba, mbali na Msikiti Mkuu! Vyumba zaidi ya 100, bwawa la pembe nane, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo aliyekuwa anatawala yule msafiri Ibn Battuta alipofika 1331. Nimekuja kuliona mwaka uliofuata, kwa hela nyingine. Pale Msikiti Mkuu niliweka kiganja ukutani, chokaa imebanduka, jiwe la matumbawe bado lina vile vitundu vyake vidogovidogo kama limetoka baharini jana. Watu wamesimamisha kuba kwa mawe hayo, wewe unataka uwape nusu saa?

Kwa hiyo uliza maji kabla ya tiketi, na umuulize nahodha, siyo dalali. Kupwa na kujaa kunasogea kama dakika 50 kila siku, saa za aliyekwenda juzi si zako, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakimbia mbali zaidi. Lala Masoko, kibali cha mambo ya kale kiwe mkononi mapema, Kisiwani mpe siku nzima, Songo Mnara siku yake.

Hilo basi umeshalipia? Kama bado usilipe, weka tarehe hapa tuangalie mwezi uko wapi.