Niende nimsikize mzee wa gita ama nibaki na santuri?

SWALI: Mjomba habari ya siku nyingi. Mimi ni mama wa miaka 66, naishi Nakuru lakini kwetu ni Bunyore. Baba alikuwa na gramafoni na santuri za omutibo, ule muziki wetu Waluhya wa gita moja na chupa ya Fanta ya kukwaruza, na sisi wasichana tulikuwa tunacheza mpaka ugali unaungua jikoni. Sasa Disemba kuna mzee wa enzi hizo atapiga nyumbani kwa kumbukumbu ya jirani yetu. Kijana wangu anasema twende lakini juzi alinionyesha huyo mzee kwa simu, anapiga akiwa amekaa kwa kiti na sauti imekwisha, nikalia. Si heri nibaki na ile ya santuri?

JIBU: Dada yangu, nenda. Pole kwa hayo machozi, nayaelewa sana, lakini nenda.

Omutibo haikuwa muziki wa sauti peke yake, ni muziki wa kidole gumba, gumba inashika besi na kidole cha shahada kinaimba juu yake, ndiyo maana ukisikia gita moja unadhani ni watu wawili. Sauti ikishuka mzee analegeza nyuzi kidogo anaimba chini, basi, lakini ile gumba ukikaa karibu utaijua hata ukifunga macho. Simu haikuonyeshi hiyo, simu inakuonyesha mvi.

Na si wengi wamebaki. George Mukabi, gwiji wa omutibo, aliuawa 1963 kabla watu hawajamshiba. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola wa kundi la Abana ba Nasery, hao ni wa kwenu Bunyore kabisa, walifika hadi Uingereza na albamu yao ya huko ikatoka 1992, wazungu wakapiga pamoja nao na ile chupa ya Fanta ya Okola ikikwaruzwa vilevile kama kwa boma. Walikuwa wazee tayari wakati huo! Hakuna aliyewaambia wabaki na santuri za miaka ya 60.

Mimi niko Kisumu, na D.O. Misiani, yule mpiga gita wa benga, alikuwa anapiga hapa hapa karibu, kila mwisho wa mwezi nasema nitaenda mwezi ujao, mara mvua, mara karo ya watoto, halafu Mei 2006 akafariki kwa ajali ya barabarani hapa hapa Kisumu. Santuri zake ninazo nyingi. Mpaka leo nikiweka moja naumia.

Kitu moja tu mwambie kijana wako aongee na wenye boma mapema kuhusu spika. Kuna klabu moja nilienda kusikiza mzee wa omutibo wakamuwekea kinanda na madude makubwa ya spika nyuma, gita ikamezwa yote, nikarudi na hasira kwa sababu mzee alikuwa anapiga vizuri kabisa na hatukumsikia. Maiki moja kwa gita, moja kwa mdomo, chupa haihitaji maiki.

Wewe fika mchana kabla watu hawajajaa, keti mbele, beba noti ndogo ndogo za kumtunza, na ukienda kumpa mtajie ule wimbo wa gramafoni ya baba.