Waru (viazi) za oveni za pilipili: adui yako ni maji

Juzi dada mmoja ameniandikia, "Dadangu, waru zangu za oveni zinatoka teketeke kama za kuchemsha na pilipili yote inabaki kwa trei, nakosea wapi?" Nilisoma hiyo meseji nikiwa kwa matatu naenda tao na kifua kikanibana, kwa sababu hizo ndizo waru nilizowapikia watu wa bwanangu Krismasi ya 2022.

Tulikuwa tumenunua kuka na pesa ya chama, ile ya gesi tatu na stima moja na oveni chini, na mimi nikaona siku ya kuonyesha watu imefika. Nikakata waru kilo mbili, nikasuuza, nikazirundika zote kwa trei moja bado zinadondoka maji, nikamwaga viungo juu, na moto nikaweka digrii 150 kwa sababu niliogopa zitaungua. Saa nzima. Zikatoka zimekunjamana, nyeupe, zinaogelea kwa mafuta mekundu. Dadake bwanangu akasema mbele ya watu wote, "Si ungetuma tu mtoto alete chipo hapo steji, stima yote hiyo ni ya nini?" Wakacheka. Bwanangu pia alicheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Hadi leo ikija kwa akili bado inauma.

Kuanzia Januari nikaanza kujaribu kila Jumamosi na kilo moja tu. Sitawachosha na hizo wiki, nawapa tu nilichotoka nacho.

Waru ikiwa na maji haiokeki, inapikwa na mvuke wake yenyewe. Basi. Huku Nairobi kwa mama mboga mara nyingi utapata aina ya waru inayoitwa shangi, na shangi inaiva haraka sana, usiichemshe kama ya kuponda mukimo. Kata nusu kwa urefu, kila nusu itoe vipande vitatu ama vinne, maganda acha. Loweka kwa maji baridi nusu saa, utaona maji yamekuwa meupe, hiyo ni wanga inatoka. Chemsha na chumvi dakika 5, mwaga maji, rudisha sufuria kwa moto kidogo ukiitikisa mpaka kingo zichubuke, hapo ndipo ukarakara unatoka. Halafu tandaza kwa taulo safi zikauke. Zikauke kabisa!

Kilo moja inatosha mafuta vijiko 3 vikubwa, paprika, pilipili ya unga, bizari nyembamba na kitunguu saumu cha unga. Kile kibichi kwa moto wa 220 kinaungua na kuwa kichungu, nimelia nacho mara mbili. Acha trei tupu ndani oveni ikipata moto hadi 220, ukiweka waru usikie zinalia. Panga moja moja zisigusane, dakika 20 usifungue mlango, geuza, ongeza 15 hivi. Limau na dhania ni mwisho.

Na usiweke waru mbichi kwa friji, wanga inageuka sukari na zinakuwa nyeusi kabla hazijaiva. Nunua za kutumia wiki moja tu, shangi inachipuka haraka. Zile za kijani usipikie mtu yeyote, zina sumu.

Lakini wadada, tuambiane ukweli. Tunanunua viungo vya bei, tunapiga picha, halafu kungoja waru ikauke nusu saa hatutaki! Tunataka kusifiwa na kazi hatutaki. Na ukichekwa, usifunge oveni uifanye kabati ya sufuria kama wengi wanavyofanya, kausha waru zako, rudi tena Jumamosi, kausha tena, mpaka mkono ujue.

Jumapili iliyopita shemeji, yule dadake bwanangu, alikuja. Trei mbili, kilo kilo, na hakuna iliyobaki isipokuwa zile nilikuwa nimemwekea bwanangu. Shemeji akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumfungia hizo. Sikumkumbusha kitu. Nilimfungia kwa karatasi, si kwa foili, kwa sababu foili inazitoa jasho, nikamwambia akifika azipashe kwa kikaangio kikavu bila mafuta, dakika 5 hivi, akigeuza.