Kazi ya mzazi anayelea peke yake

Dada, umeuliza utafute kazi gani sasa unapolea watoto wawili peke yako. Anza na saa, si jina la kazi. Andika muda wa kuwapeleka na kuwachukua shuleni, toa muda wako wa safari, uone zinabaki saa ngapi. Ukarani wa shule au kutunza hesabu za biashara ndogo huingia humo. Uuguzi una zamu za usiku. Utahitaji mlezi wa kulala, na gharama yake uitoe kwenye mshahara kabla ya kulinganisha kazi. Kufanyia kazi nyumbani kusikudanganye: mtoto mchanga na simu za wateja haviendi pamoja. Kabla ya kusaini mkataba, uliza: mtoto akiugua ghafla, nani atashika nafasi yangu, na nitakatwa mshahara? Waajiri wakizungukazunguka bila kujibu, endelea kutafuta.