Dada anataka kuacha vidonge

SWALI: Dada yangu aliondolewa titi kwa saratani. Uvimbe ulikuwa sentimita 3, tezi 2 za kwapani zilikuwa na saratani, na vipimo vilionyesha vipokezi vya homoni (yaani homoni huichochea saratani hiyo kukua). Ametumia tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni kuichochea saratani, miezi 8. Sasa anataka kuiacha kwa sababu joto la ghafla linamkosesha usingizi.

JIBU: Tafadhali, asiache. Ukubwa wa uvimbe na tezi havibadiliki tena. Kidonge bado kiko mikononi mwake. Miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 hupunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa takriban theluthi moja. Kuhusu joto, amwulize daktari kuhusu venlafaksini, dawa ya sonona ambayo pia hupunguza joto hilo. Asipewe fluoksetini wala paroksetini, dawa nyingine za sonona: huzuia ini kuigeuza tamoksifeni iwe na nguvu. Akitokwa damu ukeni au mguu mmoja ukivimba, aende hospitali siku hiyo hiyo.